Blanketi la vipande limevutika baada ya kufuliwa: nimekosea wapi?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Morogoro, mwaka wa sita sasa. Mabaki ya vitenge, kanga na vitambaa vya sare za shule situpi, yamejaza viroba vitatu. Juzi nilishona blanketi la vipande la mtoto wa mdogo wangu, miraba 80, ndani nikaweka pamba, nikazungushia pindo. Lilipendeza mno, kila mteja aliyeingia alilishika. Limefuliwa mara moja tu: limekunjamana lote, nyekundu ya kanga imechujia kwenye miraba myeupe, pamba imehamia pembeni, na sehemu mbili mshono umeachia. Na hizo kanga nilikuwa nimeziloweka kwenye chumvi na siki! Jirani yangu anasema mablanketi ya vipande ni kazi ya Wazungu wenye mashine zao maalumu, sisi tubaki na mikoba. Ni kweli? Hili nilitupe? Na vile vidogo vya kiganja nivifanyie nini? Nilitaka hata kuanza kuuza."*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kuanua kwenye kamba kitu ulichokishona kwa mapenzi ukakikuta kimeharibika ni uchungu ambao fundi hausahau. Blanketi usilitupe, nitakuambia namna ya kuliokoa. Lakini kwanza tuelewane juu ya kilichotokea, maana wewe unaliona kosa moja kubwa, na mimi naona manne madogo, kila moja na chanzo chake. Kuvutika ni jambo moja, kuchuja ni jingine, pamba kuhama ni la tatu, mshono kuachia ni la nne. Hakuna hata moja lililosababishwa na kukosa mashine maalumu. Cherehani unayoshonea magauni inatosha, na ile ya kukanyaga kwa mguu ndiyo ninayoipenda zaidi kwa kazi hii, kwa sababu unaweza kuizungusha sindano kwa sindano ukifika pale mishono minne inapokutana.

Tuanze na kuvutika, kwa kuwa ndiko kwenye somo lenyewe.

Umesema una vitenge, kanga na vitambaa vya sare. Bila shaka uliketi sakafuni ukavipanga kwa rangi, nyekundu huku, bluu kule, kama tunavyofanya karibu sote tunapoanza. Maji hayakuvipanga hivyo. Kitambaa cha pamba kinapofumwa, nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu, hukazwa sana kwenye mtambo, kisha kitambaa huvutwa tena wakati wa kunyooshwa na kupigwa chapa. Kinakufikia dukani kikiwa bado kimevutwa. Siku ya kwanza kinapozama majini, nyuzi zinakunywa, zinanenepa, zinalegea, na kila moja inarudi kwenye urefu uliokuwa wake. Kitenge kipya cha pamba kinaweza kupungua sentimita 3 hadi 5 katika kila mita moja. Kitambaa cha sare kina polista nyingi ndani yake, na polista hainywi maji kama pamba; hupungua kidogo mno au haipungui kabisa.

Sasa tazama blanketi lako. Chukua safu moja yenye upana wa inchi 36, iwe ya vitenge vipya vitupu. Ikifuliwa inataka kuwa inchi 34 na nusu hivi. Safu iliyo chini yake, ya vitambaa vya sare, bado inataka kubaki inchi 36. Umezishona pamoja, mshono hauruhusu yoyote iende zake, na ile inchi moja na nusu iliyozidi haina pa kwenda. Inapanda juu, inakuwa mkunjo. Hivyo ndivyo blanketi lako lilivyokunjamana, na hata ungelipiga pasi kutwa nzima lingerudi palepale kwenye ufuaji unaofuata.

Dawa yake ni kufua kabla ya kukata. Vipande vidogo ukivitia kwenye beseni kama vilivyo vitafumuka nyuzi na kusokotana. Vitie ndani ya foronya ya zamani, funga mdomo kwa kamba, fua kwa maji ya moto kiasi na sabuni, anika, kisha piga pasi vikiwa na ubichi kidogo. Nguo kuukuu haihitaji hilo. Kanga iliyovaliwa mwaka mzima imeshapungua ilivyotaka kupungua na imeshachuja ilichotaka kuchuja. Ndiyo maana kwa blanketi mimi huchagua kanga ya zamani kuliko kitenge kipya cha bei kubwa, na mkono utakuambia sababu nyingine: imelainika.

Tatizo ni kwamba kwenye kiroba huwezi kujua kwa macho kipi ni kipi. Kuna vitenge sokoni ambavyo ni polista tupu, vimepigwa chapa ileile ya ua na ndege kama vya pamba. Chomoa nyuzi chache pembeni mwa kipande, zishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, nje ya nyumba, uziguse kwa moto wa kiberiti. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyagusa yakishapoa yanasagika kama vumbi. Polista inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na inaacha kishanga kigumu cheusi ambacho kucha haikivunji. Usikiguse kabla hakijapoa, kinaganda kwenye ngozi. Nyuzi zikifanya yote mawili, zikaungua kama karatasi na kuacha kishanga, hiyo ni mchanganyiko. Fanya hivyo mara moja kwa kila kitambaa usichokifahamu, na viroba vyako vitatu utavigeuza hivi: kimoja pamba tupu, kimoja michanganyiko na polista, kimoja vitelezi, yaani satini, krepu, shifoni na lesi. Blanketi moja litoke kiroba kimoja. Rangi utapanga baadaye, ndani ya kiroba hicho.

Kuna kitu cha pili kilichochangia kuvutika, nacho unakijua vizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu umeshashona skati za mshazari. Chukua kipande cha kitenge sasa hivi, chenye ukubwa wa kiganja. Kivute kwa mikono miwili kufuata mtande: hakiendi, na ukikivuta ghafla kinatoa mlio kama wa kamba. Kivute kufuata mshindio, yaani nyuzi za upana: kinakwenda kidogo. Sasa kivute kutoka pembe hadi pembe. Kinanyooka kama mpira, na ukikiachia hakirudi sawasawa kama kilivyokuwa. Mabaki mengi ya fundi wa magauni ni ya kwapani, shingoni na kiunoni, yaani yamekatwa kwa mviringo, na ukingo wake mmoja karibu kila mara uko kwenye mshazari. Ukikata mraba kwa kufuata ukingo kama mkasi ulivyouacha, utapata mraba unaoonekana sawa mezani lakini unanyooka upande mmoja unapopita chini ya mguu wa cherehani. Kwa hiyo usifuate ukingo, fuata uzi. Ikiwa hauonekani, chana kipande kidogo kwa mkono. Pamba huchanika kufuata uzi wake, na mchaniko huo ndio mstari wako wa kwanza wa rula.

Na pasi vilevile. Kwenye gauni tumezoea kuiburuta. Kwenye vipande, iweke, ibonyeze, inyanyue, isogeze. Ukiiburuta juu ya mraba wenye mshazari umeshauharibu kabla hata haujashonwa.

Tuje kwenye rangi, na hapa niseme wazi kwa sababu ushauri wa chumvi na siki umeharibu kazi nyingi za watu makini kama wewe. Siki ina kazi kwenye rangi za sufu na hariri. Kwenye pamba haishikishi kitu. Chumvi nayo hutumiwa kweli na watia rangi, lakini wakati kitambaa kimo ndani ya maji ya rangi: inaisukuma rangi itoke majini iende kwenye uzi, kisha magadi ndiyo yanayoifunga. Kitambaa kikishatoka kiwandani, rangi iliyoshika imeshika, na ile iliyozidi imekaa juu ya uzi tu ikingoja maji. Chumvi yako ya jikoni haiwezi kuifunga. Unachoweza kufanya ni kuitoa yote kabla haijakutana na nyeupe.

Namna ya kujua: tia kipande kwenye bakuli jeupe lenye maji ya moto na sabuni, kiache nusu saa. Maji yakibadilika rangi, mwaga, tia mengine. Yakibaki meupe, kitoe kipande kikiwa kibichi, kilaze juu ya kitambaa cheupe, kibonyeze kwa pasi ya moto, kisha kinyanyue utazame chini. Nyekundu ya kanga, bluu iliyokolea na kaniki ndizo zinazonipa shida zaidi. Kipande kinachoendelea kuchuja baada ya maji ya nne mimi sibishani nacho. Kinakwenda kwenye mikoba ya rangi nzito, na hakikai tena jirani ya nyeupe.

Pamba kuhama ni rahisi kueleza. Blanketi la namna hii lina tabaka tatu: uso wa vipande, kijazo katikati, na mgongo chini. Wewe uliyaunganisha kwenye pindo peke yake. Pamba ya kulegea haina uzi wa kuishika, ikilowa inakuwa nzito, inateremka na kukusanyika ilikofika. Mishono inayopita katikati ya blanketi, ambayo watu huiona kuwa pambo, ndiyo inayozuia hilo. Kazi yake hasa ni kufunga tabaka zote tatu. Kwa pamba ya kulegea mistari hiyo isiachane zaidi ya upana wa kiganja. Lakini mimi singekushauri pamba ya kulegea, wala sufi, hiyo iache kwenye mito. Chukua blanketi jembamba kuukuu au shuka zito lililokwisha kufuliwa mara nyingi. Hilo ni kitambaa kizima, halina pa kukimbilia, na unaweza kuachanisha mistari hadi karibu shibiri moja. Kwa joto la Morogoro hata kijazo kinaweza kuachwa kabisa, uso na mgongo vikatosha.

Kwa mgongo, nunua marekani isiyopaushwa, uifue kwanza maana inapungua sana. Jina hilo lilitokana na vitambaa vya pamba vilivyoletwa kwa merikebu kutoka Marekani hadi Unguja katika karne ya 19, na hadi leo sijaona kitambaa cha bei hiyo kinachovumilia sindano kama hicho.

Kabla ya kupitisha cherehani juu ya tabaka tatu, zipige bandi kwa mkono, yaani mishono ya kupitisha sindano juu na chini, ukianzia katikati kwenda nje, kwa uzi wa rangi tofauti utakaoutoa baadaye. Usiruke hatua hii. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini mbele, huku mguu ukikizuia cha juu. Kila inchi chache cha juu kinabaki nyuma kidogo, na ukifika mwisho una mkunjo uliokusanyika. Bandi ndiyo inayozuia. Weka sindano namba 16, na kama cherehani yako ina skrubu ya kupunguza uzito wa mguu, ilegeze kidogo. Kwa kuunganisha vipande vyenyewe vya kitenge namba 14 inatosha.

Sehemu mbili zilizoachia sijaziona, lakini nadhani ukizichunguza utakuta moja ya sababu hizi. Ama kipande kimoja ni satini au krepu, ambazo nyuzi zake huteleza na kutoka ndani ya mshono hata kama mshono wenyewe haukukatika. Ama nafasi ya mshono ilikuwa nyembamba kuliko robo inchi. Ama ulipiga ovaloki, na kisu chake kikala nafasi yote. Mishono ya ndani ya blanketi haihitaji ovaloki, imefichwa na mgongo, haisuguliwi. Inachohitaji ni robo inchi kamili na mshono mfupi, milimita 2 hadi 2 na nusu.

Ninasisitiza neno kamili. Mraba wa inchi 5 ukishonwa kwa robo inchi kila upande unabaki inchi 4 na nusu. 8 kwa 10 ya namna hiyo ni blanketi la inchi 36 kwa 45. Safu ya vipande 10 ina mishono 9. Ukizidisha nusu ya robo inchi kwenye kila mshono, ambayo kwenye gauni usingeiona, kwa kuwa kila mshono unakula vipande viwili, mwisho wa safu umepoteza zaidi ya inchi mbili, na safu inayofuata haikutani nayo. Bandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, kitambaa kipite kikigusa ukingo wake. Mimi bado nafanya hivyo.

Lakini kama mshono unaachia hata kwenye vipande viwili vya pamba tupu, au ukigeuza chini unaona uzi umejikunja vishada, basi tatizo liko kwenye cherehani. Badilisha sindano, tunga uzi upya juu na kwenye bobini, safisha nyuzinyuzi zilizojaa chini ya meno. Usipoona tofauti usiendelee kuzungusha skrubu. Peleka kwa fundi wa kutengeneza vyerehani, uende na kipande ulichokishonea akione kwa macho. Hili halitengenezeki kwa maandishi.

Sasa jirani yako. Mjibu kwa upole, lakini amekosea. Katika wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka huko India, wanaishi Wasidi, watu wa asili ya Afrika ambao mababu zao walivushwa bahari katika biashara ya watumwa, wengi wao kutoka upande wetu huu wa mashariki. Wanawake wa Kisidi hushona mablanketi ya vipande yaitwayo kawandi, kutoka kwenye nguo kuukuu, kwa sindano ya mkono, bila cherehani, bila futi kamba, bila kuchora. Na kule Marekani, katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, wanawake weusi ambao bibi zao walikuwa watumwa walishona mablanketi kwa suruali za kazi na mabaki ya nguo ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yakatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa Houston na New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayachapa kwenye stempu. Hii kazi ni ya watu wetu pia, mwanangu.

Kawandi naieleza zaidi kwa sababu ndiyo ninayotaka uijaribu baada ya hili blanketi lililokuumiza. Tandika mgongo wako, marekani au shuka, umekwisha kufuliwa. Anza kwenye pembe moja. Kunja kingo za kipande kwa kidole, kilaze ukingoni, kishone kwa bandi fupifupi zinazopita hadi mgongoni. Weka kinachofuata kikiwa kimekipanda kidogo cha kwanza, endelea kuzunguka ukingo mzima, kisha mzunguko wa ndani yake, na wa ndani yake tena, hadi ukutane na katikati. Vipande havihitaji kuwa miraba. Kile cha kwapa chenye umbo lisilo na jina kinapata mahali. Mwishoni Wasidi huongeza kwenye pembe nne vipande vidogo vya rangi vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, maana yake maua, na kwao blanketi lisilo na hayo halijavikwa nguo.

Angalia kwa nini njia hii inasamehe makosa uliyoyapata. Hakuna safu ndefu inayopaswa kukutana na safu nyingine, kwa hiyo hakuna hesabu ya robo inchi. Kila kipande kimeshikwa na mgongo kwa mamia ya bandi, kwa hiyo kikipungua, mkunjo haukusanyiki mahali pamoja. Unagawanyika katikati ya bandi na kuwa vikunyanzi vidogo vilivyoenea kote, na hivyo ndivyo linavyotakiwa kuonekana. Gharama yake ni muda. Blanketi la mtoto kwa mkono hunichukua wiki tatu za jioni, nikishona huku tunazungumza. Kwa cherehani, la miraba 80 hunichukua saa 18 hivi.

Hapo tunafika kwenye kuuza, na nitakuambia ukweli hata kama haupendezi. Chukua unachotoza kwa gauni la kawaida. Tuseme ni 15,000 na linakula saa tatu. Saa yako ni 5,000. Saa 18 ni 90,000, kabla ya mgongo, kijazo na uzi. Mabaki ni bure, saa zako si bure. Je, wateja wanaolishika na kulisifia watatoa hela hiyo? Wengine watatoa, wa harusi na wa zawadi za uzazi, lakini kwa kuagiza. Usishone matano ukayatundika dukani kungoja. Tundika moja zuri kama sampuli, pokea oda na nusu ya malipo mkononi. Cha kila siku kitakuwa vitu vidogo.

Na hapo vile vya kiganja vina kazi. Mikoba ya sokoni haijakosa wateja tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Jirani yako kwa hilo yuko sahihi. Vipande vya kiroba cha polista na vitelezi vifanye uso wa mikoba hiyo, vikiwa na kitambaa kigumu nyuma. Vishikio vya sufuria vishone kwa pamba tupu pekee, inchi 8 kwa 8, ndani tabaka mbili za taulo kuukuu au jinzi. Nakuomba hili ulichukulie kwa uzito: kishikio chenye polista kikigusa sufuria ya moto kinayeyuka kwenye mkono wa mtu. Ngata za kubebea ndoo zinakula vipande virefu vyembamba, unavisokota na kuvizungushia kanga, na akina mama wanazinunua. Vilivyobaki, vyenye upana wa inchi moja na urefu wa kidole, vivutie kwa ndoano, kimoja kimoja, kwenye kiroba kilichofunguliwa, utapata zulia zito la mlangoni; hapo polista ni nzuri kwa kuwa inakauka upesi, ila lisikae karibu na jiko. Nyuzi na vipunje kabisa vikatekate vidogo uvijazie mito. Ukikata vingi kwa siku, vaa barakoa na fungua dirisha, na kikohozi kisichokwisha wiki mbili kionyeshe hospitali.

Mabaki yenyewe yaanike juani kabla ya kuyafunga. Kiroba chenye ubichi kinaota ukungu, na kitambaa chenye ukungu kinakuwa dhaifu hata ukikitoa doa.

Sasa blanketi la mtoto wa mdogo wako. Lizamishe kwenye beseni kubwa la maji ya uvuguvugu na sabuni, liache saa kadhaa, ubadilishe maji kila yanapopata rangi. Jiki usitie, itakula hata rangi ya kitenge na kudhoofisha pamba. Kwa kuwa limeshakauka na rangi, doa lote huenda lisitoke. Miraba itakayobaki na uwekundu funika kwa viraka vipya kwa mkono, kingo zimekunjwa. Likikauka fumua pindo, toa pamba yote, fumua safu zile za sare tu na uweke za pamba iliyokwisha kufuliwa. Weka kijazo cha shuka kuukuu, piga bandi, shona mistari ya kati, rudisha pindo.

Ukimpelekea mdogo wako, mwambie jambo moja ambalo mafundi huwa hatulisemi tunapokabidhi. Wataalamu wa afya ya watoto hushauri mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilazwe usingizini na blanketi la kulegea, mto wala vitu laini karibu na uso wake, kwa sababu vinaweza kumziba pumzi. Hili ni la kutandikwa mkekani mchana, mtoto akiwa macho na mtu yuko naye, ajifunze kugeuka na kutambaa juu yake. Usishonee vifungo wala shanga, atavinyofoa. Akiwa na swali juu ya namna ya kumlaza, amuulize muuguzi wa kliniki siku ya kumpima uzito. Na uwaambie hivyohivyo wateja wako wote watakaoagiza la mtoto mchanga, kabla hujapokea hela yao.